Rehani ya Chupa

Neno la kwanza la Kiswidi alilojifunza mama mkwe wangu lilikuwa pant. Si asante, wala habari za asubuhi. Pant ni ile pesa unayoacha dukani juu ya bei ya soda. Ukirudisha chupa, unarudishiwa. Yeye, Mhindi wa Tanga aliyekuja huku Jakobsberg, Uswidi, kukaa na mwanawe wa pekee, aliipa jina lake: rehani ya chupa. Nilimpenda tangu siku hiyo, ingawa stoo yangu ilijaa mifuko, na nikinung'unika ananiambia, "Mkwe, haba na haba."

Kisha mtoto wa kaka yake akapiga simu kutoka Gujarat. Baba yao mama mkwe na kaka yake alijenga nyumba kule, akaiweka rehani kwa jirani ili apate nauli ya kuja Afrika. Sasa wajukuu wa jirani yule wanasema ni yao. Wamekaa humo tangu zamani, muda wa kulipa umepita, basi.

Mama hakuililia nyumba. Alimlilia baba yake. "Watasema aliuza nyumba ya kwao," akaniambia jikoni, unga wa chapati mikononi. "Baba hakuuza. Aliweka." Sikuwahi kumwona mnyonge vile, na hasira zilinipanda mpaka nikaunguza dengu.

Mume wangu akampata wakili wa hukohuko. Tuliweka simu mezani, mume wangu akitutafsiria. Sheria ya India, wakili alisema, inampa mkopeshaji wa namna hiyo haki ya kukaa ndani na kula mapato ya nyumba hadi alipwe. Hana haki ya kuiuza, wala ya kuiomba mahakama imzuie mwenye nyumba asiikomboe.

"Hata muda ukipita?" mume wangu akauliza.

Hata ukipita. Rehani ya aina hiyo hubaki rehani mpaka deni lilipwe.

Mama akanigeukia mimi, si mwanawe. "Kumbe ni chupa," akasema. "Soda wameinywa, na waliilipia. Lakini chupa ni ya baba."

Deni lenyewe, kwa rupia za enzi hizo, lilikuwa dogo. Ada ya wakili ndiyo iliyotutoa jasho. Hiyo alituachia. Deni la baba yake hakukubali mtu aliguse. Alitoa kopo lake la biskuti, pesa za chupa zote, akamwaga mezani. Nikamsaidia kuzipanga, nikijuta kila nilipomnunia kwa ajili ya stoo.

Kesi ilichukua muda wake. Pesa zikapokelewa mahakamani, nyumba ikarudi. Mtoto wa kaka yake akapiga tena kuuliza awatoe lini wale watu.

"Uwatoe waende wapi?" mama akasema. "Nyumba isiyo na watu huanguka. Waache. Waambie tu wanakaa kwa baba yangu."