Jumamosi Nne za Ndagala

Enzi za Zaire, Jumamosi asubuhi ilikuwa ya salongo: kufyeka majani, kuzibua mifereji, kazi ya nchi isiyo na malipo. Asiyeonekana alitozwa faini. Kwa hiyo patron wangu, mwenye depo ya ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, karibu na bandari ya Kalemie, aliponitaka nije kumpimia magunia Jumamosi nne mfululizo kwa malipo ya ziada, nilimuuliza habari ya faini.

"Usiogope, Mama," alisema. "Watu wa zone, wale wa serikali, nitaongea nao mwenyewe."

Nikaja. Nilipima tangu asubuhi hadi jua kuzama, vumbi la samaki limejaa puani, na moyoni zile pesa nilikuwa nimeshazitumia. Binti yangu alikuwa amefukuzwa shule kwa kukosa minerval, yaani ada, na Jumamosi hizo zingeilipa yote.

Siku ya mshahara bahasha ilikuwa nyembamba kama kawaida. Nilihesabu mara tatu. Kisha nikaingia biro yake bila hodi, mimi ninayepiga hodi hata kwa mdogo wangu.

"Patron, Jumamosi zangu ziko wapi? Mutoto iko nyumbani, amekosa minerval."

Hakuinua hata kichwa. "Mama, ile ilikuwa salongo. Ulisikia wapi muntu analipwa salongo?"

Salongo! Ndagala zake, mizani yake, faida yake, halafu mgongo wangu ndio uwe wa taifa! Nilitamani kummwagia wino kwenye suti yake ya abakosi iliyopigwa pasi. Badala yake nikajisikia nasema, "Sawa. Kama ile njo salongo, uniandikie karatasi. Niipeleke kwa zone, wajue nchi niliifanyia kazi gani."

Hapo akainua kichwa. Kuwaondoa watu kwenye salongo wakufanyie biashara yako halikuwa jambo dogo siku zile. Karatasi hiyo ingemponza yeye, si mimi, na sote wawili tulijua.

Akavuta mtoto wa meza, akahesabu noti polepole. Zilikuwa kamili. Akazisukuma upande wangu, lakini kiganja akakiacha juu yake.

"Hii njo matabishi, Mama. Kwa sababu ya mutoto. Sasa unasema nini?"

Matabishi! Jasho langu mwenyewe nipewe kama bakshishi! Maneno nilikuwa nayo, Mungu anajua, ya Kiswahili na ya Kitabwa. Lakini binti alikuwa wiki ya pili nyumbani, anasoma daftari lile lile kila siku.

"Aksanti, Papa," nilisema.

Kiganja kikaondoka. Jumatatu binti akarudi darasani.

Miaka mingi baadaye patron alikufa, nikaenda matangani kama watu wote. Ndugu yake akasimama kumsifu. Akasema marehemu alikuwa na huruma, hata watoto wa wafanyakazi aliwalipia minerval, na akaninyooshea mimi kidole. Watu wote wakageuka kunitazama, wakingoja niitikie.

Niliinuka, nikafunga kitenge changu vizuri, nikaenda nyumbani.