Chokaa ya Mifupa

Mimi ni mwoga wa kuzaliwa. Binti yangu akikohoa tu, mimi kichwani nimeshafika makaburini. Kwa hiyo miguu yake ilipopinda alipoanza kutembea, na majirani zangu wa mtaa wa Kikuyu, hapa Dodoma, wakaniambia hayo ni matege ya kawaida, yatanyooka yenyewe, sikuwasikiliza. Nilimbeba hadi hospitali, mimi na mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Kibakwe kunisaidia kulea.

Daktari alikuwa mpole. Alipoona Kiswahili chake cha kitabuni kinampita mama, akamweleza kwa mfano wa nyumba ya tembe. Mfupa wa mtoto, alisema, mwanzoni ni gegedu, laini kama lile la kidari cha kuku. Kisha mwili husuka nyuzi za protini. Hizo ndizo fito. Halafu chokaa hujaa katikati ya fito, kama udongo wa kukandikia, na kuwa ngumu, mfupa ukawa mfupa. Fito peke yake hupinda, chokaa peke yake hupasuka.

"Fito mjukuu wako anazo, bibi," alisema. "Chokaa ndiyo haijashika. Na jua hapati, wakati jua ndilo linalousaidia mwili kuivuta."

Hapo nilijiinamia, maana mimi ndiye niliyekuwa namfungia ndani nikikwepa vumbi la Dodoma. Tulipewa matone ya vitamini, tukaambiwa maziwa, dagaa na jua la asubuhi. Mama aliitikia kwa kichwa. Amekandika nyumba tangu usichana wake, nikajua ameelewa.

Mimi woga ulinizidi. Mtoto akiruka namdaka, akikimbia namfuata mikono mbele, nikiziona zile fito tupu ndani ya miguu yake. Nilimwogopea hadi akaanza kuniogopa mimi.

Mchana mmoja nilirudi kutoka kazini kula. Uani, ndoo ya chokaa aliyoiacha fundi wa kupaka ukuta ilikuwa wazi, na kijiko cha uji kimesimama ndani yake. Kando yake, kwenye mkeka, binti yangu amekaa juani, mdomo mweupe pe!

Nusura roho initoke. Chokaa ile ilikuwa imemchubua fundi vidole, sembuse koo la mtoto. Nilimkwapua, nikamfuta kwa kanga, nikamtia kidole mdomoni kutafuta vidonda. Akaning'ata, akapiga kelele.

"Mama! Umempa nini mtoto?"

"Maziwa."

"Na kijiko kwenye ndoo?"

Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Umempa chokaa, mama?"

"Daktari si alisema chokaa haijashika?"

Sikungoja neno la pili. Nilikimbia na mtoto hadi getini nikamwita kijana wa bodaboda aliyekuwa ng'ambo ya barabara, sauti yangu mwenyewe siitambui. Mama alinifuata mbio, akanishika mkono.

"Ngoja, mwanangu. Sijampa."

Sikumwamini. Nilimnusa mtoto mdomo: maziwa ya mgando. Nikamnusa tena. Maziwa tu.

"Kweli hujampa?"

"Sijampa."

Ndipo nilipoisikia sauti yake. Ilitoka nzito, kama ya mtu mwenye ugali wa moto mdomoni. Nikamwomba aondoe kiganja. Akageuza uso, mkwe hamfungulii mkwe mwenzake mdomo hivi hivi. Nikamsihi, nalia sasa, hadi akafungua. Ulimi ulikuwa umechubuka, mwekundu kama nyama mbichi, na midomo kwa ndani imejaa malengelenge.

"Chakula cha mtoto kinaonjwa kwanza," alisema. "Nikaonja."

Yule kijana wa bodaboda akafika, akanyoosha mikono kumpokea mtoto. Nikampandisha mama.