Pareto kwenye Maji ya Samaki

Pareto ikianikwa hutoa harufu kavu inayokwaruza koo, na ukishinda nayo kutwa unapiga chafya mpaka machozi yanakutoka. Kwetu Njombe, enzi za Mwingereza, ua wetu ulijaa mikeka ya maua hayo, na kazi yangu ilikuwa kuyageuzageuza na kufukuza kuku. Mama aliuza mengi, akabakiza machache ya nyumbani. Aliyasaga, akayanyunyiza kitandani, na viroboto wakaisha. Nilikua nikijua kwamba hakuna mdudu anayefua dafu mbele ya pareto, na hadi leo sijui ni nani angenifundisha vingine.

Baba yangu alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja na mkewe, katika nyumba ya mawe nje kidogo ya mji. Mshahara wake ndio ulionisomesha. Huyo mke tulimwita Memsabu. Hakuwa na mtoto. Alichokuwa nacho ni tangi la kioo pale sebuleni, na ndani yake samaki watano wa bluu aliowaagiza kutoka Lupingu, kule ziwani. Mtu alipanda nao milima ndani ya debe la maji, na wengi walifia njiani. Hao watano hawakuizoea baridi yetu, kwa hiyo tangi liliwekwa karibu na meko, na Baba alitakiwa kuhakikisha moto hauzimiki, hasa mwezi wa sita, umande unapoganda kwenye majani. Memsabu aliongea nao kila asubuhi akiwaita watoto wake. Baba akitusimulia hayo, Mama alicheka mpaka akajishika mbavu. Mimi sikucheka. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumemzika mdogo wangu, na nilielewa mtu kutaka kitu cha kuongea nacho.

Mwezi huo wa sita Memsabu na mumewe walikwenda Iringa kwa wiki mbili. Baba aliachiwa nyumba, na kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa, akanichukua nimsaidie. Alinionyesha kopo la chakula cha samaki, akabana kiasi kidogo kwa vidole viwili. "Hiki tu, mama, mara moja kwa siku. Usizidishe." Hiki tu! Nimezaliwa Ubena mimi. Kwetu mtu akipiga hodi, hata kama hukumtarajia, unamsongea ugali mpaka aombe msamaha kwa shibe. Wageni waliotoka ziwani, waliopanda milima, walishwe kwa kubaniwa vidole? Niliona aibu kwa niaba ya nyumba nzima. Baba akigeuka tu, nawamegea ugali. Kesho yake viazi. Jumapili mkate, ule wa Memsabu mwenyewe. Kilichowashinda kilizama chini kwenye kokoto, nami nikadhani watakimaliza baadaye.

Siku ya nane maji yakawa na ukungu. Siku ya tisa nikaiona minyoo. Myeupe, myembamba kama uzi wa kushonea, inajinyonganyonga kwenye kioo, mingine inachungulia kati ya kokoto. Minyoo nilikuwa naijua. Ndiyo iliyomjaa mdogo wangu tumboni, tumbo likavimba, likawa gumu, na wiki moja baadaye tukamfukia. Kwa hiyo mimi, mtoto wa miaka kumi, niliona kifo kimeshika kioo, na aliyekabidhiwa samaki alikuwa Baba. Sikumwambia, maana ningelazimika kuutaja ugali. Nilikimbia nyumbani, nikachota pareto kiganja kizima, nikaisaga mbiombio, nikarudi nikaimwaga majini. Haikupita muda minyoo ikaacha kucheza, ikadondoka mmoja mmoja. Jamani, nilipiga makofi! Nilisimama peke yangu katika sebule ya Wazungu nikapiga makofi. Kisha samaki mmoja akaanza kuogelea ubavu.

Baba aliingia na kuni, akakuta wote watano wanaelea. Nilimwambia kila kitu nikilia. Hakunipiga. Alikaa kwenye kiti cha Memsabu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Halafu akasema, "Wewe hukuja hapa leo. Umesikia?"

"Lakini Baba, ni mimi."

"Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Memsabu aliporudi, Baba alisimama mbele yake, kofia mkononi, mimi nikiwa mlangoni. "Ni mimi, Memsabu. Nilitia dawa ya viroboto. Nilidhani nasaidia." Memsabu hakufoka. Alilia tu kama mama yeyote, kisha akaichukua barua ya kazi ya Baba, ile aliyopaswa kumwonyesha kila mwajiri mpya, na kuandika mstari mmoja kwa Kiingereza. Baba hakujua Kiingereza, akaniletea mimi nimsomee. Iliandikwa kwamba mtu huyu asiaminiwe. Nilimsomea hivyohivyo. Akaikunja, akaitia mfukoni, akaniuliza kama nimekula.

Hakuna Mzungu wa Njombe aliyemchukua tena. Alikwenda Makambako, pale njia panda ya malori, akawa anawapikia madereva maharage kwenye kibanda chenye moshi. Kila baada ya miezi miwili mitatu alikuja nyumbani juu ya mizigo ya lori, akiniletea ada. Mama hakuacha kumsimanga. "Mwanamume mzima, kutia pareto kwenye maji ya samaki!" alisema hata mbele ya wageni, na wageni wakacheka, na Baba akacheka pamoja nao. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, nikala chakula changu. Kifua kikamwanza, akakohoa miaka miwili, akafia hukohuko Makambako nikiwa nakaribia kumaliza ualimu.

Sasa nami naishi Makambako, kwa mjukuu wangu. Mji una umeme, una reli, na yeye ana tangi la samaki sebuleni, lenye taa na mashine ya kutoa mapovu. Mwezi uliopita nikaona minyoo kwenye kioo. Nilimwita kwa sauti iliyomfanya aje mbio. Akainama, akacheka.

"Bibi, umekuwa ukiwalisha?"

"Kidogo tu."

"Chakula kikizidi ndiyo inatokea. Tunapunguza, tunabadilisha maji, inakwisha yenyewe."

"Haiwaui?"

"Wala! Samaki wengine wanaila."

Akafuta kioo kwa kitambaa, dakika kumi hazikufika.

Miaka yote hii nimejitetea moyoni kwa jambo moja. Nilikosa, ndiyo, lakini samaki wale walikuwa wanakufa, na mimi nilikuwa najaribu kuwaokoa. Hilo ndilo lililoniwezesha kuipokea ile ada mikononi mwa Baba. Kumbe samaki walikuwa wazima. Nilitoka uani nikalia kwa sauti, kilio ambacho sikukilia hata siku ya mazishi, mpaka majirani wakasimama uzioni na mjukuu wangu akanifuata.

"Bibi, kuna nini? Nani amekufa?"

"Baba," nikamwambia. "Baba yangu amekufa."