Kiti cha Chini ya Ngazi

Mtaani walimwita Kiguu na Njia, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza kwa nini. Alikuwa fundi wa makochi. Maisha yake yote aliwatengenezea watu mahali pa kukalia, na yeye mwenyewe hakai. Chakula alikula amesimama, anazunguka na sahani kama mtu anayetafuta pa kuiegesha. Harusini alikuwa mtu wa kupanga viti, msibani mtu wa kupanga viti, na viti vikishapangwa utamkuta nje anazunguka nyumba, labda kuna kimoja kimesahaulika. Mkewe alisema hata akilala miguu inatembea, ndiyo maana shuka zinachanika upande wake tu.

Tena msidhani nyumbani kwake kulikosa viti. Vilijaa tele, ila hakuna hata kimoja kilichokuwa chake. Sebule ndiyo ilikuwa stoo: leo kuna seti ya mwalimu mkuu, kesho ya mwenye duka la dawa. Watoto walikua wakijua kwamba kochi ni kama mgeni, linakuja, linapendwa, linaondoka. Mkewe alipoulizwa na wenzake anaishije na fundi hodari namna ile, alijibu, "Naishi vizuri. Nakalia ndoo."

Ni kwenye sebule hiyohiyo ndiko mambo yalikoharibikia mara ya kwanza. Wazee wa mchumba wa binti mkubwa walikuja kujitambulisha. Kiguu alikaa vizuri tu mpaka salamu zikaisha. Kisha mjomba wa kijana, mtu mnene mwenye heshima zake, akajigeuza kitini, na kiti kikasema nyii. Kiguu akakunja uso. Mjomba akaendelea, "Sisi tumekuja hapa kwa nia njema..." Nyii. Basi. Kiguu aliinuka, akamshika mjomba wa watu mkono, akamwambia, "Mzee wangu, hebu simama kidogo." Akakipindua kiti miguu juu, akapiga magoti, akazamisha mkono kwenye tumbo la kiti mpaka kwapani. Alipoipata springi iliyolegea akainua kichwa kwa furaha, sebule ilikuwa tupu. Huko kwao wageni walifika wakasema, baba wa binti katunyanyua vitini kama kuku. Uchumba ukafa palepale. Binti akaenda kufanya kazi mji mwingine, na mpaka leo akipiga simu, baba akipokea, husema, "Shikamoo. Nipe mama."

Sasa ilikuwa zamu ya kitinda mimba. Wageni walikuwa wanakuja Jumapili.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "chai napika mimi, maneno anasema kaka yangu. Wewe kazi yako ni moja. Ukae."

"Nitakaa."

"Mara ile pia ulisema hivyo."

Kitinda mimba mwenyewe alikuwa anafua pale uani, hakuinua macho. "Mimi nimeshaamua, baba. Siku hiyo nitachungulia pazia kabla sijatoka. Nikikiona kiti chako kitupu, sitoki. Mama atawapa chai, watakunywa, wataenda zao. Sitaki kutoka nikute watu wanatafuta viatu vyao, kama alivyotoka dada."

Kiguu akaenda kupanga viti.

Wiki hiyohiyo ndiyo akapata kazi kwenye jumba la sinema. Jumba lenyewe lilikuwa la zamani, viti vyake vimeliwa na panya na matako ya vizazi vitatu. Mwenye sinema alimwonyesha ukumbi akampa sharti moja: mchana kuna onyesho, watu wachache tu, lakini ni wateja. Onyesho likianza, nyundo iwekwe chini.

"Nikae bure?" Kiguu alishtuka.

"Utajua mwenyewe. Usigonge tu."

Fundi mzuri wa makochi hakitazami kiti, hukikalia. Ukikaa, kiti chenyewe kitakwambia kinapoumwa. Kwa hiyo Kiguu akapata njia yake: taa zikizimwa, yeye anapita mstari kwa mstari gizani, anakaa kidogo hapa, anasikiliza kwa mgongo, anachora alama ya chaki, anahamia cha pili. Kwa mtu wa tabia yake hiyo ilikuwa raha tupu. Wateja walimwona kama pepo wa ukumbini, ila walimzoea.

Siku ya kwanza, mwanzoni hata hakutazama mbele. Alipotupa jicho kwenye turubai la picha aliona kila kitu ni cheusi, cheupe na kijivu. Akatoka mbio mpaka kwa mkata tiketi, mama mmoja aliyekuwa akimenya karanga kwenye kibanda chake.

"Dada, mashine yenu imeharibika. Rangi zimeisha."

"Hazijaisha, fundi. Hiyo ni ya zamani. Wakati ule rangi zilikuwa hazijazaliwa."

"Na watu wanalipa?"

"Wewe umelipa? Rudi ukatazame."

Akarudi. Na aliporudi ndipo akaliona gauni.

Lilikuwa la mwanamke wa jumba kubwa, watu wa enzi za farasi na mishumaa, wanaume wamevaa soksi mpaka magotini na wala hawaoni aibu. Mwanamke alisimama mlangoni, na mlango ukabidi ufunguliwe pande zote mbili ili gauni lipite. Kiguu aliganda, chaki mkononi. Kwake yeye lile halikuwa gauni. Lile lilikuwa kochi linalotembea! Chini kuna fremu, huwezi kumdanganya. Juu ya fremu kuna tabaka la kujazia, kisha mahameli iliyovutwa ikakaza, mikunjo imeshikwa kwa vifungo, na pindoni kuna taraza kama ile anayowawekea wateja wenye majivuno. Na kwa kuwa hakukuwa na rangi ya kumpumbaza, aliiona mahameli yenyewe, namna manyoya yake yanavyolala upande huu yakang'aa na upande ule yakawa giza. Miaka yote wateja wamekuwa wakimsumbua, nataka nyekundu, nataka ya maziwa. Kumbe rangi ndiyo inayoficha kitambaa.

"Lo," alisema kwa sauti. Mtu mmoja mbele akamwambia shii.

Tangu hapo akawa mtumwa wa ile picha. Kila mchana aliingia, na kwa kuwa alikuwa anahamahama aliipata vipandevipande, mwanzo kutoka mstari wa nyuma, katikati kutoka pembeni, mabusu kutoka nyuma ya nguzo. Lakini hadithi aliielewa. Kuna kijana mmoja hana mali, anampenda binti wa jumba lile. Baba wa binti amekataa. Binti akamtumia neno: njoo uketi kwenye kiti kilicho chini ya ngazi. Nikishuka nikakukuta, tunaondoka pamoja hivyo tulivyo. Kijana akaja, akaketi. Kofia magotini. Saa ya ukutani inagonga. Juu kule mlango umefungwa.

Hapo ndipo Kiguu alipokuwa akishindwa.

Kwanza kile kiti. Kilikuwa na mgongo mrefu na miguu ya kuchonga, kiti cha maana kabisa, lakini upande wa kushoto kimebonyea. Alikiona wazi! Utepe wa chini umekatika, na kijana wa watu kakaa kaegemea kama mashua inayoingia maji. Pili, ule ukimya. Saa inagonga, kijana anazungusha kofia, anazungusha kofia. Miguu ya Kiguu ilianza kuwasha kuanzia nyayoni, ikapanda, na kabla hajajua yuko nje kwenye bomba anakunywa maji asiyokuwa na kiu nayo. Akirudi, anakuta kijana bado kakaa vilevile, maandishi ya mwisho yanapanda, na bibi mmoja mstari wa mbele analia kwenye kitambaa.

Siku ya pili vilevile. Siku iliyofuata alikishika kiti kwa mikono miwili, akajikuta bombani amekishika kipande cha sponji.

"Dada," alimwuliza mkata tiketi, "yule mwanamke alishuka?"

"Alishuka."

"Mbona kijana bado kakaa?"

Mama alitafuna karanga taratibu, kwa makusudi. "Kaa uone."

"Niambie tu."

"Watu wazima wanakaa saa mbili hapa, wewe fundi wa viti huwezi? Kesho ndiyo mwisho, Jumatatu wanaleta nyingine. Kaa uone."

Kesho ilikuwa Jumamosi. Nyumbani hali ilikuwa imeshachafuka, maana Kiguu alikuwa akiota kwa sauti. Asubuhi mkewe aliweka chai mezani kwa kishindo.

"Nani huyo unayembembeleza ashuke?"

"Nani?"

"Jana umesema mara nne, shuka basi mpenzi, shuka. Nikasema labda anateremsha kochi. Lakini kochi haliitwi mpenzi."

"Ni mwanamke wa sinema."

Angefikiri kidogo asingesema hivyo. Mkewe alijifunga kanga ya kutokea, akachukua mkoba. "Twende nikamwone."

Basi Jumamosi hiyo Kiguu hakuchora chaki. Mkewe alimkalisha katikati kabisa ya ukumbi, penye viti vilivyokwisha kutengenezwa, akaketi kulia kwake akakunja uso akimsubiri huyo mwanamke. Gauni lilipotokea mlangoni, uso ukakunjuka. "Haa!" alisema. "Hilo linafuliwaje?" Akamsahau mumewe mara moja.

Ikafika kwenye ngazi. Kijana akaketi, kofia, saa. Nyayo za Kiguu zikaanza kuwasha. Akasogea mbele kidogo, akainua tako moja. Mkewe, macho yake kwenye picha, akanyoosha mkono akakamata pindo la koti lake, akalikunja mara mbili kwenye ngumi.

"Unaenda wapi?"

"Maji."

"Kunywa mate."

Ikabidi akae. Jasho lilimtoka kama anabeba kabati. Saa ikagonga. Kijana akazungusha kofia. Na halafu, nje ya jumba, farasi wa kijana akalia. Kijana akageuza kichwa. Farasi akalia tena. Kijana akautazama mlango wa juu, akautazama wa nje, akatabasamu kidogo kama mtu asemaye mara moja tu narudi, akaweka kofia chini ya mkono, akainuka, akatoka.

"Usiende!" Kiguu alipiga ukelele. Hakuna aliyemwambia shii.

Mlango wa juu ukafunguka. Mwanamke akashuka, gauni zima, ngazi moja baada ya nyingine, mahameli inang'aa inazimika. Akafika chini. Kiti kitupu. Akavua glavu, akagusa pale alipokuwa ameketi kijana, na ilionekana kabisa kwamba bado pana joto. Akasimama. Kisha akageuka, akapanda, mlango ukafungwa. Ndipo kijana akarudi, anajipangusa manyoya ya farasi, akaketi palepale, kofia magotini, akaanza kungoja. Maandishi ya mwisho yakapanda.

Taa zikawaka. Mkewe alikuwa analia bila kujificha.

"Kainuka kwa ajili ya farasi," Kiguu alisema. "Farasi! Mke wangu, umeona? Angekaa kidogo tu..."

Mkewe alijipangusa. "Mwenzio farasi. Wewe springi."

Wakarudi nyumbani. Kiguu alitembea nyuma, si kawaida yake.

Jumapili wageni walifika. Kwenye sebule kulikuwa na seti ya mwenye duka la dawa, mpya vitambaa, lakini kochi moja Kiguu alikuwa hajalifungua chini, kwa sababu ya zile shughuli za sinema. Na miguu ya watu ina mambo, baba wa kijana, mzee mrefu mwenye miwani, akalielekea lilelile. Akaketi.

Nyii.

Mkewe, aliyeketi ubavuni pake, akamtazama. Shemeji akamtazama. Pazia la mlango wa ndani likacheza kidogo.

"Tumekuja, mkwe, ikiwa mtaturuhusu kuwaita hivyo," mzee alianza. Nyii. "Kijana wetu huyu..." Nyii, halafu krr, ambayo kwa fundi ni habari mbaya zaidi, maana yake springi imetoka kwenye ndoano na sasa inamtafuta mtu.

Vidole vya Kiguu vilifunguka vikajikunja. Nyayo zikawasha mpaka masikioni. Aliweka mikono magotini, akakaza shingo, akatazama mbele moja kwa moja kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Nyuma yake alihisi koti likivutwa, likikunjwa mara mbili kwenye ngumi ya mkewe. Shemeji akasema maneno, mzee akajibu maneno, na Kiguu hakusikia hata moja, alikuwa anasikia krr.

"Mkwe," mzee akasita, "naona umekaza uso. Kama kuna neno tumelikosea, tuambie."

Krr.

"Hakuna neno," Kiguu alisema. Jasho lilimdondoka kidevuni. "Mimi nimekaa tu. Endeleeni, jamani. Mimi nipo hapa nimekaa."

Pazia likafunguka. Kitinda mimba akatoka na sinia ya chai, akainama kwa wageni mmoja mmoja, akafika kwa baba yake mwisho. Alimpa kikombe kwa mikono miwili. Baba akakipokea, chai ikamwagika kwenye kisahani, ila mwili haukutoka kitini.

Mambo yakaenda. Yalipokwisha kusemwa yote na watu wamecheka na siku ikapangwa, mzee wa miwani alijikohoza. "Sasa mkwe, kwa kuwa tumeshakuwa ndugu, niulize. Hiki kiti chako kina nini? Tangu nikae kinaniuma."

"Ni springi ya pili kutoka kushoto," Kiguu alisema, haraka kama mtu aliyefunguliwa kamba. "Kiti si changu, ni cha mteja. Nitakitazama ukishaondoka."

"Si ukitazame sasa?"

"Hapana, mzee wangu. Wewe kaa."

Wageni waliondoka, wakasindikizwa na shemeji mpaka nje. Vikombe vikakusanywa. Kitinda mimba aliporudi sebuleni alimkuta baba yake bado yuko palepale, mikono magotini, miguu inacheza chini kama cherehani.

"Baba, wameshaenda. Unaweza kuinuka."

"Ningeinuka zamani," alisema Kiguu. "Mwambie mama yako aachie koti."

Mama yake hakuliachia. Alikuwa amejiegemeza kwenye kochi la mwenye duka la dawa, miguu mbele, macho ameyafumba. "Kaa kidogo," alisema. "Mpigie na dada mtu simu, baba watoto. Ukiwa umekaa hivyohivyo."