Pindo la Sarafu

Chwi, chwi, chwi. Sauti ndogo ya shaba ikigonga shaba, ikipanda kutoka bondeni Maretadu asubuhi ya baridi, ukungu bado umelalia mahindi. Bernadina alikuwa mtoto wa kukaa mlangoni. Akiisikia tu, alijua mama yake anarudi kutoka harusini, na kwamba kuna kitu kitamu kimefungwa kwenye pembe ya shuka lake.

Mama yake, Hilaria, aliolewa akiwa amevaa sketi ya ngozi iliyoshonwa shanga, kama wasichana wa siku zile. Pindoni walitundika njuga. Lakini njuga za Hilaria hazikutosha kuzunguka pindo lote, na baba yake hakutaka binti atoke nyumbani kwake na pengo. Alikuwa amerudi kutoka mashamba ya mkonge na kibuyu cha senti za mkoloni, zile zenye tundu katikati. Akazitundika moja moja kwa kano za ng'ombe mpaka pindo likajaa. Tangu siku hiyo Hilaria hakuweza kupita njia kimyakimya. Watu walimsikia wakiwa bado jikoni, wakasema, "Hilaria huyo anakuja," na kiti kilitolewa kabla hajafika uani.

Bernadina alipokuwa msichana alishuka tambarare za Hanang, miaka ile shamba la ngano la serikali lilipokuwa likilima ardhi ambayo Wabarbaig walichungia ng'ombe wao. Alikuja kwa msimu mmoja tu, kupikia vibarua uji. Akabaki. Akaolewa na fundi wa matrekta, akamzaa Patriki na wadogo zake, akawa mpishi mkuu wa kantini. Mikate yake ilisifiwa, lakini sufuria zake zilisifiwa zaidi. Kila jioni alizisugua kwa majivu na mchanga, akaziinamisha juu ya kichanja, na madereva wa kombaini za kuvunia walisema mtu akipotea katikati ya ngano atafute mng'ao wa sufuria za Mama Patriki, atafika nyumbani.

Kule Maretadu, macho ya Hilaria yalikuwa yakipofuka polepole. Madaktari wa hospitali ya Haydom walifanya waliloweza. Bernadina alipokwenda kumwona, kwenye nyumba ya kaka yake Bura, mama alimkabidhi ile sketi ikiwa imekunjwa ndani ya kitenge.

"Chukua ukae nayo," alisema. "Zamani nikipita watu walinijua hata bila kuniona. Siku hizi nimesimama mbele ya mtu, ananiuliza, bibi, wewe ni nani?"

Maneno hayo Bernadina alirudi nayo kwenye basi, akashuka nayo, akapika nayo. Hayakumtoka.

Ndiyo maana habari ya televisheni ilimpagawisha. Klabu ya wafanyakazi ilikuwa na televisheni moja, ndani ya kizimba cha nondo kama simba, na dishi juu ya bati. Kila Jumapili alasiri kulikuwa na kipindi kiitwacho Tulichorithi. Watu walileta vitu vya kale mbele ya mzee mmoja mwenye mvi, Bwana Gervasi, miwani yake ikining'inia kwa uzi kifuani. Alikishika kitu, akakigeuza, akauliza kilikuwa cha nani. Jina likatajwa. Kisha alisema kinaweza kuwa na thamani gani, na klabu nzima ikambishia kana kwamba yumo mle ndani ya kizimba.

Meneja alipotangaza kwamba Jumamosi Bwana Gervasi na watu wake watapiga picha pale pale klabuni, Bernadina aliunguza mikate. Hakutaka bei. Alitaka sentensi moja tu itoke kwenye lile sanduku, nchi nzima isikie: hii ni ya Hilaria wa Maretadu.

Na hapo akafanya kosa la mwanamke mwenye sufuria safi. Aliifungua sketi, ikanuka samli ya zamani na moshi. Aione mgeni kutoka Dar es Salaam? Haiwezekani. Lakini senti, ah, senti ni fedha, na fedha haimwaibishi mtu. Akachukua kisu akazikata zote kutoka pindoni, akazisugua kwa majivu na limao mpaka zikacheka. Ngozi yenyewe akaitia kwenye kikapu cha kuku aliyekuwa anaatamia, maana alihitaji kitu laini.

Jumamosi foleni ilizunguka klabu. Mbele ya Bernadina alisimama Margwe, dereva wa kombaini, mkononi ameshika soksi nzito.

"Umeleta nini, Mama Patriki?"

"Senti za mama yangu. Na wewe?"

"Senti za babu yangu," Margwe alisema, akatikisa soksi. Mtu wa mbele yake akageuka, naye ana kopo la senti. Bernadina akatazama foleni. Makopo, soksi, mafundo ya kanga. Akaanza kuwa na wasiwasi, lakini furaha ilikuwa bado kubwa, na alijua zake ndizo zinazong'aa kuliko zote.

Zamu yake ilipofika alipiga goti kidogo. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Usiniambie ni sarafu."

"Ni sarafu, mzee."

Kijana wa kamera aliishusha kamera chini, akanyoosha mgongo. Bwana Gervasi akavua miwani, akaifuta kwa shati. Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka tu.

"Mama, umewahi kuniona nimeshika sarafu kwenye kipindi?"

Bernadina akawaza. Ameona vigoda, mikuki, redio za mbao, hata jino la tembo. "Sijawahi."

"Sarafu imetoka kwenye mashine. Siku iliyozaliwa hii, walizaliwa ndugu zake maelfu kwa maelfu, sura moja. Bei yake iko kwenye kitabu. Nafungua ukurasa, nasoma, tumemaliza, hakuna cha kuzungumza. Halafu ni ndogo. Kamera ikiisogelea inaona mwanga tu. Mtu aliyekaa kwake Tabora atafikiri nimeshika kifungo."

"Kumbe nimepanga foleni tangu alfajiri na soksi ya vifungo!" Margwe alilalamika, watu wakacheka.

Bwana Gervasi alichukua senti moja, akaisogeza jichoni. "Na hizi umeziosha."

"Nimezisugua kwa mkono wangu," Bernadina alisema kwa fahari.

"Basi hata mnunuzi wa sarafu angekaa chini akalia. Ule weusi ndio wanaoupenda. Ndio umri wake, mama. Wewe umeumwaga pamoja na maji ya vyombo."

"Wanapenda uchafu?" sauti ya Konsolata ilitoka nyuma. Konsolata, jirani wa Bernadina, alikuwa mkuu wa washona magunia ghalani, na hakujua kunong'ona. "Jamani, wangenijia mimi, sijaoga tangu juzi!"

Klabu ililipuka. Bernadina peke yake hakucheka. Alizikusanya senti zake taratibu, akasema lililokuwa moyoni.

"Nilitaka tu asikike. Hizi zilikuwa zinalia, mzee. Pindoni, mama yangu akitembea."

Bwana Gervasi, aliyekuwa amekwisha kumtazama mtu wa nyuma, akarudisha macho. Akaomba senti ile tena. Safari hii hakutazama jina la mfalme. Alitazama tundu, jinsi upande mmoja ulivyolika, ukawa mwembamba kama ukucha.

"Alizivaa miaka mingi. Ni nani huyo?"

"Hilaria wa Maretadu."

Amelisema. Sentensi aliyoingoja wiki nzima imetoka, na kamera imelala chini ya meza.

"Na hiyo sketi iko wapi?"

Bernadina akainamisha kichwa.

"Kuku ameilalia!" Konsolata alipaza sauti.

Kicheko kilikuwa bado hakijaisha dereva wa wageni alipoingia akipiga makofi. Mlima Hanang umejifunika mawingu, alisema, na huu udongo mweusi ukishanyeshewa hawa watu wa Dar watakula Krismasi hapa. Bwana Gervasi akachungulia dirishani, kisha akamtazama Bernadina.

"Lete. Tone la kwanza likidondoka, naondoka."

Bernadina alikimbia. Mwanamke mzima, mwili wa kantini, kanga ikimponyoka, akakatiza karakana, akaruka bomba la mafuta, mafundi wakampisha wakidhani kuna moto. Kuku hakutaka kusikia habari za televisheni. Alidonoa, alipiga kelele, akadonoa tena. Bernadina alimwinua yeye, mayai na yote, akayahamishia kwenye sweta la mume wake, akachomoa ngozi. Kinyesi kidogo upande mmoja. Shanga zote zipo.

Alipotoka nje akakuta Konsolata anamngoja mlangoni na washona magunia wake, kila mmoja na sindano kubwa iliyopinda na nyuzi za katani shingoni.

"Leta hapa! Wewe shika kiuno, sisi tutashika pindo."

Walikaa chini pale pale kwenye vumbi, wakaizunguka sketi kama wanavyozunguka rundo la magunia, na mikono ile iliyozoea kufunga ngano kabla lori halijaondoka ikaanza kufunga senti. Tundu, fundo, kata. Tundu, fundo, kata.

"Usiikaze sana, Letisia, hilo si gunia!"

"Nani amesema lisiwe gunia? Tazama kiuno cha atakayelivaa!"

"Nyamazeni mshone," Bernadina alisema, lakini naye alikuwa anacheka sasa, na machozi yanamtoka. Upepo wenye harufu ya mvua ulipita juu ya makapi ya ngano. Fundo la mwisho likafungwa. Akaivaa juu ya gauni. Haikukutana nyuma. Konsolata akapitisha uzi wa katani mara mbili, akavuta kwa goti kama anavyovuta mdomo wa gunia, akafunga.

"Tembea, na usipumue."

Wageni walikuwa wanapakia. Meza ilikuwa tayari juu ya gari. Ila kijana mmoja, yule wa kunasa sauti, alikuwa bado hajavua vipokea sauti masikioni, na ndiye aliyegeuka kwanza. Chwi, chwi, chwi. Akainua mkono juu.

"Zimeni jenereta!"

Margwe mwenyewe alikimbia kuizima. Kimya kikashuka juu ya shamba lote. Bernadina akatembea kutoka kantini hadi klabu, polepole, kama mtu anayerudi kutoka harusini asubuhi, na kamera ikamfuata. Alipofika, Bwana Gervasi akauliza ni ya nani. Akajibu, safari hii kamera ikiwa macho.

"Bei, mzee! Taja bei!" Margwe alipiga kelele.

Bwana Gervasi alishika pindo, akaliacha lilie kidogo. "Hii haina ukurasa kwenye kitabu changu," alisema. Matone yakaanza kugonga bati, na gari liliponasa topeni watu wakalisukuma wakiimba.

Kipindi kilipofika siku ya kuonyeshwa, Bura alimleta mama kwa basi kupitia Haydom. Klabu ilijaa mpaka madirishani. Hilaria aliwekwa kiti cha mbele kabisa. Alikaa akielekea mlango badala ya kizimba, na hakuna aliyemgeuza. "Nimeletwa kutazama," alimwambia Bernadina kwa kejeli. "Mimi!"

Kisha picha ikaharibika. Chenga tupu, nyeupe kama unga unaopepetwa. Watu wakalia kama timu yao imefungwa. Margwe akapanda juu ya bati kugeuza dishi, huku wanamwelekeza: kulia, kushoto, rudi ulipokuwa, ondoka kabisa wewe! Bernadina alishika kiti kwa mikono miwili. Wiki zote hizo, mbio zote zile, na sasa hakuna sura, hakuna sketi, hakuna kitu.

Lakini sauti haikuwa imeharibika. Ndani ya zile chenga, mbali, kitu kikaanza kulia.

Chwi, chwi, chwi.

Hilaria akainua kichwa. Mkono wake ukatafuta goti la binti yake, ukalipata, ukalibana.

"Nyamazeni," aliwaambia watu wote, na wakanyamaza. "Kuna mtu anakuja. Bernadina, ni nani huyo anakuja?"

Bernadina akainama mpaka midomo yake ikagusa kitambaa cha kichwa cha mama yake.

"Ni wewe, Mama."