Nekesa, aliyemtafutia Kuka baba yake mpaka Ireland

Akili yangu imekataa kabisa. Asubuhi nikifungua ofisi bado nawasha taa ya upande wake.

Kwa wale hamkumjua: Nekesa wa Kabuchai, Bungoma, alikuwa kwa desk iliyo karibu na yangu hapa Kitale, kwa kampuni ya mbegu. Tulikaa pamoja mpaka customers wakawa wanachanganya majina yetu.

Siku za kwanza aliniuliza, "Shiro, huko kwenu pande za Kwanza kuna wazee wanakumbuka mashamba ya wazungu?" Nikadhani anatafuta shamba ya kukodi. Kumbe anatafuta mtu.

Kuka, ndivyo kwao wanaita babu, alizaliwa na mama Mbukusu na meneja mzungu wa shamba moja pande za Kwanza. Mzungu alisafiri kwao Kuka akiwa bado anabebwa mgongoni. Hakurudi.

Wajomba walimlea Kabuchai. Akalima miwa, akaoa, akazeeka. Lakini siku ya kutahiriwa wenzake waliitwa kwa majina ya baba na babu zao. Yeye aliitwa kwa jina la mama.

"Nikifika huko mbele nitaulizwa mimi ni wa nani," alimwambia Nekesa. "Nitajibu nini, mayi?" Mayi ni mama. Ndivyo alimwita tangu akiwa mtoto.

Mama yake alimwachia maneno machache tu: Mikaeli Noran, mtu wa Karlo, Ireland, na baba yake alikuwa mhunzi, anapigia farasi viatu.

Nekesa akagundua kwamba rejista za zamani za Ireland, za kuzaliwa, ndoa na vifo, zimepigwa picha zikawekwa mtandaoni. Mtu yeyote anasoma bure. Tangu hapo lunch yake ilikuwa ndizi mbili mbele ya laptop.

Noran hakuna. Alijaribu kila njia, hakuna. Akaanza kusema labda yule mzungu alidanganya jina.

Halafu siku moja Kuka akapiga simu, Nekesa akamweka kwa speaker. "Niko hapa kwa balabala," mzee akasema, "nangoja roli ya miwa."

Simu ikikatika nikamwambia, "Nekesa, huyu mzee anasema roli. Na kama Noran ni Nolan?"

Aligeukia laptop. Akaandika.

Michael Nolan walijaa hapo, bana. Alifungua mmoja mmoja, siku baada ya siku, mpaka akapata wa Carlow, ile Karlo ya Kuka, ambaye kazi ya baba ni mhunzi. Na mama yake, Bridget, kabla ya kuolewa alikuwa wa kina Byrne.

Hakupiga kelele. Alishika mkono wangu chini ya meza, na kuna customer amesimama anangoja risiti.

Jumamosi hiyo tulienda Kabuchai. Kuka alivaa koti. Nekesa akamsomea, akamwonyesha mahali Bridget aliweka alama ya X kwa sababu hakujua kuandika.

"Hata mimi naweka kidole," Kuka akasema. "Kumbe nyanya yangu alikuwa mtu kama sisi."

Akagusa hiyo X kwa simu, picha ikaruka ikaenda. Mzee akashtuka, ati amefuta nyanya yake. Tulicheka mpaka mama yake Nekesa akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Mtu mwingine angeachia hapo. Nekesa akaenda kwa rejista za vifo. Akapata Bridget alikufa akiwa mjane mzee, na aliyepeleka habari ameandikwa: Michael Nolan, mwanawe, alikuwepo mama akikata roho. Ni mwaka ule ule Mikaeli aliondoka shamba ile ya Kwanza.

Alimpigia Kuka kutoka parking ya ofisi. Nilikuwa nimesimama naye.

"Kwa hivyo alienda kuzika mama yake," mzee akasema. "Hiyo naweza kumsamehe. Ya kutorudi, bado."

Ikabaki Mikaeli mwenyewe: alikufia wapi, alizikwa wapi. Kifua cha Kuka kilikuwa kinamsumbua, na Nekesa alikuwa anasema, "Nikichelewa, mzee ataenda bila kujua."

Sisi wote tulikuwa tunaangalia Kuka. Hakuna mtu alikuwa anaangalia Nekesa.

Ilianza na kichwa. Akaomba off, akaniambia nimmalizie report. Kesho yake wakampeleka hospitali. Hakutoka.

Tulimzika Kabuchai. Kuka aliinuliwa kwa kiti, wajukuu wawili wamemshika, akakataa microphone.

"Nilikuwa nimejipanga huyu ndiye atanizika," akasema. Kisha akamwita kwa ukoo: Nekesa wa mtoto wangu, mtoto wangu ni wangu, mimi ni wa Mikaeli, Mikaeli ni wa Bridget. Polepole, bila kukosea. Hapo ndipo nililia.

Baadaye akanishika mkono. "Wewe ndiye Shiro. Ile kazi ya kumtafuta baba yangu, utaendelea nayo?"

Nikasema ndiyo.

Nekesa, jana lunch nimefungua ile rejista. Kuna Michael Nolan mmoja amekufa huko Carlow, umri unakaribia, lakini neno la kazi yake limeandikwa kwa mkono mbaya, sijui ni mkulima ama ni nini. Nikageuka nikuulize.

Nimegeuka kabisa, na kiti. Nimesema "Nekesa, hebu soma hii." Watu wa ofisi wakainamisha vichwa.

Nitalisoma hilo neno, hata ikichukua mwaka, na nitaenda kumwambia Kuka. Wewe usiwe na wasiwasi na hiyo.

Lala, rafiki yangu. Lala vizuri huko Kabuchai, karibu na watu wako.