Harusi ya Da Zuhura Katika Sidii Mpya

Sisi tuliokulia Mji Mkongwe hatukuwa watu wa kubabaishwa na picha. Televisheni ya rangi tulikuwa nayo wakati jamaa zetu wa Bara bado wanasikiliza redio, na tuliwaringia kwa hilo mpaka wakatuchoka. Lakini video ilipoingia, hata sisi tulikaa kitako. Mtaa wetu mzima deki ilikuwa moja tu, nyumbani kwa Bi Time, mjane aliyeletewa na mwanawe kutoka Dubai. Siku ya Ijumaa, wanaume wakishatoka msikitini, sisi watoto tulikuwa tushajipanga ngazini kwake, tumekoga, tumepakwa poda shingoni, kila mmoja na kikombe chake mkononi, maana Bi Time alitoa juisi ya mabungo lakini vikombe hakutoa.

Tulikaa juu ya mkeka, magoti yamegusana. Filamu zilikuwa za Kihindi. Hatukujua wanasema nini, lakini pa kulia tulilia na pa kucheka tulicheka. Deki ikila mkanda, Bi Time alifunua kifuniko, akauvuta ule utepe polepole kama mtu anayefungua nywele za mtoto, akafuta kichwa cha deki kwa pamba yenye spiriti, kisha akauzungusha mkanda kwa kalamu mpaka ukakaza. Hakuna aliyethubutu kukohoa. Tukirudi nyumbani Mama alitaka asimuliwe mwanzo hadi mwisho. Alikuwa akisema, "Atakayeruka kipande, na mimi ntamruka kwenye kupakua." Basi tuliangalia kwa macho yote mawili. Wajukuu zangu leo wanaangalia filamu huku wanaandikiana ujumbe, wanakula chipsi, na mmoja kasinzia. Waulize imekwishaje, watakwambia kuna sehemu ya pili.

Katika mikanda yote niliyoiona utotoni, uliotukaa zaidi haukuwa wa Kihindi. Ulikuwa wetu wenyewe, wa harusi ya dada yangu mkubwa, Zuhura.

Mimi nilikuwa na miaka tisa. Da Zuhura alikuwa mwalimu mpya, kapangiwa skuli ya Kiwengwa, na huko akampenda Makame, kijana mkulima wa mwani. Baba alikuwa karani, mtu wa kofia ya viua na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakwaruza. Posa ilipoletwa alikaa siku tatu bila kusema. Siku ya nne akasema, "Mwanangu nimemsomesha hapa mjini, leo aende akafunge kamba za mwani?" Mama alimbembeleza, mdogo wake Baba, Ami Seif, akambembeleza, mwishowe akakubali kwa mdomo. Akampa Ami Seif uwakili wa kumwozesha, na yeye mwenyewe akasema harusini haendi.

Na hakwenda. Ndivyo tulivyojua sisi. Siku ya kumpeleka bi harusi Kiwengwa, tulijaa kwenye gari mbili, wanawake wanaimba njia nzima, na Baba tulimwacha kwenye kiti chake cha ukumbini na kitabu chake. Tuliporudi jioni tulimkuta kwenye kiti kile kile. Nilimpelekea pilau niliyofungiwa na wakwe. Akanambia, "Weka hapo, mimi nshakula." Kala nini na nani kampikia, sikuuliza. Nilikuwa mtoto.

Aliyepiga video alikuwa Nassor, mtoto wa Ami Seif, kijana aliyekuwa anafanya kazi Maskati. Alikuja na kamera begani, na watu wa Kiwengwa wakawa wanajipanga mbele yake wima kama wanapigwa picha ya pasipoti. Alirudi Maskati na kamera yake, akatuletea mkanda miezi sita baadaye, tayari kautilia muziki juu, sauti za watu zote kazifunika. Ule mkanda tuliuangalia mpaka ukachakaa. Ulikuwa kopi ya kopi. Nyuso zilikuwa na ukungu, bi harusi tulimjua kwa nguo, Mama tulimjua kwa mwendo, na waliosimama nyuma walikuwa madoa tu.

Da Zuhura aliishi na mambo mawili: mumewe, ambaye alimfurahia, na kiti kitupu cha Baba. Baba hakukanyaga Kiwengwa mpaka anafariki, miaka miwili baadaye. Dada akija mjini, Baba aliitikia shikamoo yake, akauliza hali ya barabara, kisha akachukua kofia yake akaenda barazani. Aliposhikwa na maradhi ya mwisho Da Zuhura alimuuguza yeye, na hata hapo hawakulizungumza. Baada ya msiba alinambia, "Nshamsamehe. Hakuja, basi. Nshamsamehe." Alilisema hilo kila tulipouangalia mkanda, miaka yote.

Mikanda ikapitwa na wakati. Kijana wa duka moja Darajani akatwambia tuhamishie kwenye sidii, kwamba sidii haiozi. Tukahamisha, ukungu ukaja vile vile, na juu yake ikazidi kukatakata. Ikaja dividii, tukaambiwa hii ndiyo ya mwisho. Tukahamisha tena. Mwaka juzi niliitoa dividii ile kwenye mfuko wake nikakuta ngozi yake ya fedha imebanduka kama rangi ya ukuta wa pwani. Sikuamini kwamba kitu nilichoambiwa hakifi kimekufa kabla yangu, tena ndani ya kabati, bila kuguswa na mtu.

Nikampigia simu Nassor, ambaye sasa ni mzee mwenye wajukuu huko huko Maskati. Akanambia nisihuzunike, kile kikanda kidogo cha kamera yenyewe, chenye picha za mwanzo kabla ya kopi, bado anacho, atakipeleka kwa fundi akitie kwenye sidii za aina mpya, blurei. Ila deki zetu za zamani haziwezi kuisoma, lazima deki yake.

Nilikwenda Darajani kuulizia deki hiyo. Kijana aliyekaa dukani, mpole, akaniamkia vizuri, kisha akanitazama kama niliyeomba taa ya chemli. "Bi Mkubwa, sidii hazinunuliwi tena. Watu wanaweka kwenye simu. Nkikuagizia ntakuagizia, lakini bei yake..." Akaniandikia kwenye kikaratasi. Nilishika meza. Kwa bei ile, kule kwetu Mpendae nnaezeka upya paa la jiko na bati zinabaki.

Nikampigia Nassor palepale. "Kaka, usitie pesa zako kwenye upuuzi. Harusi tunaijua kwa moyo. Sidii ya zamani na sidii mpya, bi harusi ni yule yule."

Akasema, "Maryam, nyinyi hamjapata kuiona harusi ile. Mmeona kivuli chake." Nikaona anatetea pesa alizokwisha kumpa fundi tu.

Alikuja Unguja baada ya Ramadhani, na deki kaibeba mwenyewe, kaifunga ndani ya kanzu zake. Alifikia kwangu Mpendae. Baada ya sala ya alasiri tukafunga dirisha, tukakaa wawili, akaitia sidii.

Kitu cha kwanza kilichonishtua ni sauti. Muziki haukuwepo. Nilimsikia Mama anacheka. Mama yangu kafa zamani, na kucheka kwake nilikuwa nimekusahau mpaka nikadhani nakukumbuka. Kisha nikaisoma kanga yake, herufi kwa herufi. Nikajiona mwenyewe, kitoto chenye pengo la meno, nnaiba kashata kwenye sinia. Sikuwa najua kwamba nilionekana.

"Wanasema bei kubwa," Nassor akasema.

Halafu likaja pigo la beni, ile ngoma ya harusi ya tarumbeta na matari. Wanawake wamejipanga uani, Da Zuhura kakaa katikati kainamisha kichwa, na kamera inazunguka taratibu kufuata wachezaji. Nyuma yao upo ua wa makuti, na kwenye pengo la ua, pale panapoingiliwa, kuna watu wamesimama. Katika mkanda wetu hapo palikuwa na doa jeupe. Mimi binafsi nilidhani siku zote ni nguo imeanikwa.

Nikasema, "Rudisha."

Akarudisha. Akasimamisha.

Alikuwa Baba. Kanzu yake iliyopigwa pasi, kofia yake ya viua, uso wake wote upo wazi kama yuko chumbani nasi. Viatu vyake kavishika mkononi, kama mtu aliyekwishavivua ili aingie.

Nilimtazama Nassor nikidhani kanificha kitu miaka yote.

"Ulijua?"

"Wallahi sikujua. Mimi jicho langu lilikuwa kwa bi harusi. Na fundi hakujua nani ni nani."

Tukaiacha iendelee. Kamera ikaondoka, ikarudi, Baba bado yupo. Anatazama alikokaa Da Zuhura. Ikaondoka tena, na iliporudi mara ya tatu pengo lilikuwa tupu, mbuzi anapita. Hakuonekana tena; bila shaka alipanda gari ya abiria, akatutangulia kurudi kwenye kiti chake.

Nassor alitaka tunyamaze. Alisema dada kazeeka, kajituliza, kwa nini tumtie kidonda kipya. Nilikaa siku mbili nikimkubalia. Siku ya tatu sikuweza. Nilikuwa nimekula naye msiba huu tangu nina miaka tisa, nikaona si haki mimi nijue na yeye asijue. Tukachukua deki, tukaenda Kiwengwa.

Tulimkuta Da Zuhura uani anaanika mwani. Alistaafu ualimu, lakini kamba za mwani hajaziacha. Shemeji Makame alitukaribisha, tukala, kisha Nassor akaunganisha deki kwenye televisheni yao. Sikumwambia kitu. Niliogopa nikimwambia ataona nilichomwambia, asione mwenyewe.

Alifurahi sana mwanzoni. Alimwita Makame atazame jinsi alivyokuwa mwembamba. Alisoma kanga ya Mama kwa sauti. Lilipoingia beni akaanza kuwataja wachezaji mmoja mmoja, waliokufa na waliohama, na katikati ya jina moja akakatika.

Hakulia. Hakusema rudisha. Aliinuka, akaisogelea televisheni mpaka pua ikakaribia kioo, akakaa chini pale pale sakafuni kama tulivyokaa utotoni. Tulimwekea mara nne. Mara ya nne Shemeji Makame akasema polepole, "Mimi niliambiwa kasafiri. Ningemwona ningekwenda kumshika mkono mwenyewe." Akatoka nje.

Nikamwambia, "Dada, si unaona, alikuja. Alikupenda." Nilidhani nampa dawa.

Aligeuka akanitazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona kwake. "Alikuja mpaka mlangoni, Maryam. Hatua tatu. Kwa nini hakuingia?"

Akaigeukia tena televisheni.

"Yule ambaye hakuja nilikwishamsamehe," akasema. "Miaka yote hii nilimsamehe yule. Huyu aliyesimama hapa sijui nimfanye nini."

Akatuomba tumwachie sidii na deki. Tukarudi mjini. Dada hakupokea simu yangu wiki moja, ikapita ya pili, na mimi nikawa nailaani sidii ile, deki yake, na ubishi wangu mwenyewe. Nilijiambia kwamba ukungu ule ulikuwa rehema, na kwamba kuna mambo Mwenyezi Mungu aliyafunika kwa sababu yake, nasi tukalipa fedha ili tuyafunue.

Kisha siku moja asubuhi Shemeji Makame akanipigia yeye. Akasema dada yako anataka mje Alhamisi, njooni wote, watoto na wajukuu, na umwambie Nassor asirudi Maskati kwanza. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Kuna khitma ya mkwe wangu."

Khitma za Baba tulikuwa tukizisoma mjini kila mwaka. Da Zuhura alihudhuria, akasaidia kupika, akarudi kwake. Kwake hakuwahi kuisoma. Alhamisi ile tulikuta kafagia ua wote, katandika majamvi kuanzia ndani mpaka kwenye pengo la ua na kupita nje kidogo. Wanaume wakakaa upande wao, sisi upande wetu, misahafu ikagawiwa. Ulipofika wakati wa dua, mwalimu akauliza jina la marehemu. Da Zuhura alilitaja yeye mwenyewe, jina la Baba na la baba yake, kwa sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza, na watu wa Kiwengwa wakaitikia amin. Shemeji Makame alikuwa amekaa karibu na mlango, anafuta macho kwa pindo la kikoi.

Tulipokuwa tunakosha masufuria nilimuuliza kama bado ana hasira na mimi. Akasema hasira anayo, lakini si yangu. "Kila nikiiangalia nnamgombeza," akasema. "Nilikuwa simgombezi. Sasa nnamgombeza, nnamaliza, nnamsomea Fatiha."

Wajukuu zangu wananiuliza kama ile deki inastahili bei yake, hali simu zao zina picha safi kuliko hiyo. Nawaambia sijui. Kwa filamu za kupitisha wakati, mtu asitupe pesa zake. Enzi zetu picha zilikuwa chache na mbovu, na kile tusichokiona tulikijaza kwa maneno, tukayaamini maneno yetu mpaka tukazeeka nayo. Wao wanaona kila kitu, wazi, papo hapo, wala hawajazi chochote. Juzi tu katika harusi ya binti wa mwisho wa Da Zuhura kila mkono ulikuwa na simu juu, na kwa hofu iliyonishika niliwaacha wanapiga picha, nikatoka kwenda mlangoni kutazama kama kuna mtu kasimama nje.